Gadi na mvuvi: tuongee juu ya sheria ya ziwa na ya pori

  

Leo tunaongea juu ya jambo lenye kuleta ugomvi pembeni ya Ziwa Edouard na katika vijiji vyote vinavyopakana na Parki ya Virunga. Ni kazi ya walinzi wa parki, wale munaowaita tu magadi. Wamama wa uvuvini wana swali moja ambalo wanalirudilia kila mara: samaki ni wa Mungu, ziwa ni la babu zetu; huyu gadi anayekuja kukamata wavu wa bwana yangu, alipanda samaki lini?

Swali hilo si la kuchekwa. Anayeliuliza ana watoto wanaongoja chakula. Basi tulijibu polepole.

Parki ya Virunga iliumbwa mwaka 1925, wakati wa Wabelgiji, na jina lake la kwanza lilikuwa Parki Albert. Hakuna aliyewauliza babu zetu kama wanakubali, na uchungu huo ungali katika mioyo ya watu wengi mpaka leo. Maji ya Ziwa Edouard yaliyo upande wa Congo yote yako ndani ya parki hiyo. Kwa sababu hiyo, vijiji vya uvuvi vilivyopewa ruhusa ya sheria ni vitatu tu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Kila mtumbwi wa ruhusa una namba yake, na hesabu ya mitumbwi ina mpaka. Vijiji vingine vilivyoota pembeni ya ziwa wakati wa vita, sheria haivitambui, hata kama vina shule na kanisa. Hapo munaona mara moja ugomvi unatoka wapi.

Lakini kwa nini mpaka? Muangalie tilapia. Samaki huyu hatagi mayai na kuyaacha. Mama anayaokota na kuyatunza ndani ya kinywa chake, na watoto wakisha kutoka katika mayai wanarudi kujificha mle mle wakiona hatari. Kazi hiyo anaifanya pembeni, mahali maji si marefu, penye majani. Sasa mtu akiweka wavu wake pale, ao akivuta wavu wa matundu madogo mpaka nchi kavu, hakamati samaki mmoja. Anakamata mama pamoja na kinywa chake kilichojaa. Anauza kilo moja leo, na mwaka kesho anasema ziwa limelaaniwa. Mvuvi mzee anajua jambo hili kuliko gadi. Tunamuomba tu aliseme kwa sauti mbele ya vijana, maana mara nyingi ananyamaza kwa kuogopa wenye nyavu.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawaliunganishi na samaki: kiboko. Katika miaka ya 1970, viboko wa Virunga walikuwa zaidi ya 25,000. Mwaka 2005 walipohesabiwa, walikuwa hata 1,000 hawafiki. Kiboko anakula majani usiku kwenye nchi kavu, na mchana anarudi majini na kuacha mavi yake humo. Mavi hayo ni mbolea ya ziwa: vinaota vile vidudu na vijani vidogo sana ambavyo samaki wanakula. Tulipokula kiboko, tulikula pia shamba la samaki.

Na ni nani alimmaliza? Tuseme ukweli: si mvuvi na mshale wake. Ni bunduki. Wanajeshi wasiolipwa, makundi ya silaha ya kila jina, na wafanya biashara walionunua nyama na meno. Mvuvi maskini amebaki kulaumiwa juu ya deni ambalo kubwa lake hakulikopa yeye.

Juu ya uwindaji, sheria ya tarehe 28 Mei 1982 inataka mtu awe na ruhusa na afuate wakati uliowekwa, na kuna wanyama ambao hakuna ruhusa ya kuwaua. Ndani ya parki hakuna uwindaji hata kidogo, hata swala mmoja. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya ulinzi wa viumbe imetia nguvu katazo hilo, na imeweka kifungo na faini.

Sasa tufike pale panapouma: gadi anapokukamata. Hapa tunaomba musikilize vizuri, sababu wengi wanapoteza mali yao kwa kutojua.

Gadi anafanya kazi ya ICCN, yaani Leta. Kati yao kuna wenye cheo cha OPJ. Hao ndio wanaoweza kukuuliza na kuandika PV. Katika PV kunaandikwa jina lako, kosa, mahali, siku, na vitu vilivyokamatwa: nyavu ngapi, mtumbwi wa namba gani, samaki kilo ngapi. Uombe usomewe mbele ya kutia sahihi ao kidole. Kama hukubali, sema kwamba hukubali, na liandikwe. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 18, inasema mtu hawezi kuwekwa chini ya ulinzi zaidi ya saa 48. Zikipita, aachiliwe ao apelekwe mbele ya wenye mamlaka ya sheria. Na Katiba hiyo inakataza mtu kuteswa. Basi kumpiga aliyekwisha kukamatwa ni kosa, na huyo gadi ndiye anakuwa mkosaji.

Kuna makosa madogo yanayoweza kumalizika kwa faini bila kufika mbele ya hakimu. Lakini faini ni mali ya Leta, na inalipwa kwa karatasi. Pesa inayopokelewa katikati ya maji, usiku, bila karatasi, si faini. Mnajua jina lake. Anayeitoa na anayeipokea wote wawili wanaua sheria, na kesho yake wavu wa matundu madogo unarudi majini kwa amani.

Taabu nyingine ni kwamba juu ya ziwa kuna wakubwa wengi. Kuna gadi, kuna wanajeshi wa majini, kuna komisera wa ziwa anayeangalia mitumbwi na maboti, kuna kazi ya uvuvi na ya mazingira. Na kuna wenye silaha waliokuwa wakiuza vikaratasi vyao wenyewe vya ruhusa ya kuvua. Kwa macho ya mwenye mtumbwi, nguo za kijani zote ni moja. Analipa hapa, analipa pale, kisha anakamatwa kwa sababu karatasi yake ni ya porini. Zaidi ya hapo kuna mpaka wa Uganda, usioonekana juu ya maji: mwezi wa Julai 2018 wanajeshi wa majini wa nchi zote mbili walipigana kwenye ziwa hilo, na watu wakafa. Mvuvi anayefuata samaki mpaka kule anaweza kuanzisha mambo makubwa kuliko wavu wake.

Tuseme neno moja juu ya kusafiri majini, maana wenye kukimbia vita wengi wanapita kwa boti. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama kwenye Ziwa Kivu ikiwa karibu kufika bandari ya Kituku, Goma. Ilikuwa imejaa kupita kiasi, na makumi ya watu walikufa. Wengi walipita majini kwa sababu vita vilifunga barabara. Komisera anayekataza boti isitoke kwa kujaa, ao anayeuliza majile ya kuogelea yako wapi, usimtukane. Hata kama sokoni wanakungoja.

Wakubwa wa vijiji, tunajua munasema: gadi naye ana bunduki, sisi tuna mdomo tu. Ni kweli. Lakini mujue pia kwamba gadi anakufa. Katika Virunga zaidi ya 200 wameuawa katika kazi hiyo. Mwezi wa Aprili 2018 waliuawa watano pamoja na dereva wao. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa watu 17: kumi na wawili walikuwa magadi, mmoja dereva, wanne raia wa kawaida. Mwezi wa Januari 2021 wakauawa sita tena. Wengi wao ni watoto wa vijiji hivi hivi. Wajane wao wananunua unga kwenye soko moja na bibi wa mvuvi.

Na nyinyi mulio katika kambi, hatutawaambia kwamba njaa ingoje sheria. Wazee wanakumbuka mwaka 1994, wakati wakimbizi wa Rwanda walijaa Kibumba, Katale na Mugunga, na maelfu wakaingia parki kila siku kutafuta kuni. Mwaka huo huo UNESCO iliandika Virunga katika orodha ya mali ya dunia iliyo hatarini. Wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na sufuria bila kuni. Kwa hiyo mkubwa wa kambi anapoona wamama wanaanza kupita mpaka wa parki, asingoje risasi. Aende kwa mkubwa wa kituo cha magadi pamoja na mwakilishi wa wamama, na barua mkononi, aombe njia na siku zijulikane, na aombe wasaidizi walete kuni ao makala. Barua moja ibaki kwake, yenye tarehe.

Vile vile komite ya wavuvi. Muandike kila ukamataji katika kitabu: siku, saa, jina la gadi ao kituo chake, vitu vilivyochukuliwa, pesa iliyolipwa na kama karatasi ilitoka. Baada ya miezi mitatu mupeleke kitabu hicho kwa mkubwa wa parki na kwa Mwami. Malalamiko ya mdomo yanasahaulika njiani. Kitabu chenye majina kinasomwa.

Na wewe unayefikiri kurudi ziwani baada ya vita na kununua mtumbwi: mbele ya kutoa pesa, peleka namba yake kwa komite ya wavuvi na kwenye kituo cha magadi, waangalie kama iko katika kitabu chao. Namba nyingi zinauzwa sokoni na njiani, na anayeziuza hayuko siku ya kukamatwa.