Kutoka Kariakoo hadi Bagamoyo kwa Baiskeli: Namna ya Kupanga Safari Salama

Mji wa Bagamoyo uko takriban kilometa 70 kaskazini mwa Kariakoo, na barabara ya kwenda huko ni ya lami. Kwa mwendesha baiskeli mwenye afya njema na mazoezi ya kutosha, hiyo ni safari ya asubuhi moja. Wengi wanaoifikiria huhofia umbali, jua la mchana na upweke wa njia baada ya Bunju. Hayo yote yanastahili kuzingatiwa, lakini hatari kubwa iko karibu zaidi na nyumbani. Theluthi ya kwanza ya safari, kutoka sokoni hadi Tegeta, ndiyo yenye makutano mengi, daladala nyingi, bodaboda na malori. Anayeipanga vyema sehemu hiyo huwa ameshaipanga safari karibu yote.

Kuchagua njia ya kutokea mjini

Mkazi wa Kariakoo ana njia kuu mbili za kutokea. Ya kwanza hufuata Mtaa wa Msimbazi hadi Fire, huingia Barabara ya Morogoro, huvuka bonde la Jangwani hadi Magomeni, kisha hupinda kwa Barabara ya Kawawa kuelekea Morocco na Mwenge. Ubora wake ni kwamba, pamoja na miundombinu ya mabasi yaendayo haraka iliyoanza kutumika mwaka 2016, zilijengwa pia njia za waenda kwa miguu na za baiskeli pembezoni. Barabara ya katikati ni ya mabasi hayo peke yake. Mwenye baiskeli asiingie humo hata ikionekana tupu, kwa kuwa basi hufika kwa kasi na dereva hategemei kumkuta mtu. Udhaifu wa njia hii ni Jangwani: Mto Msimbazi ukifurika, maji hufunika barabara na safari hukatika.

Njia ya pili ni ndefu kidogo, lakini ina makutano machache makubwa. Hupita Mnazi Mmoja na Sanamu ya Askari, hutokea ufukweni karibu na Hospitali ya Ocean Road, kisha hufuata Barabara ya Barack Obama hadi Daraja la Tanzanite. Daraja hilo, lenye urefu wa zaidi ya kilometa moja, lilifunguliwa mwaka 2022 na hukatiza juu ya bahari hadi upande wa Coco Beach. Kutoka hapo msafiri hupita Msasani na Mikocheni, hufuata Barabara ya Mwai Kibaki kupitia Kawe, na kuifikia Barabara ya Bagamoyo upande wa Mbezi Beach. Kwa anayesafiri kwa mara ya kwanza, hasa wakati wa mvua, njia hii inafaa zaidi.

Njia yoyote itakayochaguliwa, ni busara kuipita mara moja kabla ya siku yenyewe, bila mzigo, hadi Mwenge au Kawe na kurudi. Vipilefti, matuta, mifereji isiyofunikwa na sehemu zenye ujenzi huonekana vizuri zaidi siku ambayo mtu hana haraka.

Saa ya kuondoka

Safari hii hupangwa kwa saa kabla ya kupangwa kwa kilometa. Asubuhi za siku za kazi magari mengi huelekea katikati ya jiji, na jioni hutoka. Kwa hiyo anayeelekea Bagamoyo alfajiri huwa anakwenda kinyume cha msongamano, ilhali anayeondoka saa 10 jioni huingia katikati yake, kisha giza humkuta njiani. Katika ukanda huu jua huzama upesi, na kati ya mwanga na giza kamili hakuna muda mrefu.

Ratiba inayofaa ni kuondoka Kariakoo saa 12 asubuhi siku ya Jumamosi, taa zikiwa zimewashwa. Kwa mwendo wa kilometa 12 hadi 14 kwa saa, msafiri atakuwa Tegeta karibu saa 2 asubuhi, naye atafika Bagamoyo kati ya saa 5 na saa 6 mchana, pamoja na mapumziko mafupi. Ni vyema kujiwekea mpaka: iwapo saa 3 na nusu imefika na Tegeta haijapitwa, safari ifupishwe. Kulala Bagamoyo na kurudi Jumapili alfajiri ni salama kuliko kwenda na kurudi siku moja, kwa sababu uchovu wa kurudi humkuta mtu palepale kwenye magari mengi.

Pepo na mvua

Wazee wa pwani walipanga safari za majahazi kwa kufuata pepo, na mwendesha baiskeli anaweza kufanya vivyo hivyo. Kusi, inayovuma katikati ya mwaka, humsukuma anayeelekea kaskazini. Siku ya kurudi humpiga usoni. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, hufanya kinyume chake. Upepo wa bahari kwa kawaida huongezeka kadiri mchana unavyosogea, na hiyo ni sababu nyingine ya kuondoka mapema. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, haifai kwa safari ya kwanza. Lami iliyolowa hupunguza nguvu ya breki, na dimbwi huficha shimo.

Baiskeli na mzigo

Fundi aikague baiskeli siku tatu au nne kabla, si usiku wa kuamkia safari, ili kilichobadilishwa kijaribiwe. Muhimu zaidi ni breki zote mbili, matairi, mnyororo, spoku na pedali. Taa nyeupe mbele, taa au kiakisi mwanga chekundu nyuma, kengele na kofia ngumu ni mahitaji ya lazima kwa safari hii. Vifaa vya njiani ni pampu, tyubu ya akiba, viraka na solusheni, pamoja na spana inayolingana na nati za magurudumu.

Mzigo uwe mdogo, ukae chini kwenye keria na ufungwe pande zote mbili kwa uzito sawa. Mzigo mrefu unaoyumba humvuta mtu barabarani hasa lori linapompita. Maji yasipungue lita moja na nusu wakati wa kuondoka, yaongezwe Tegeta na Bunju. Ndizi, maandazi na karanga zenye chumvi hutosha kushikilia nguvu hadi mchana.

Mwenendo barabarani

Mpanda baiskeli hupita kushoto, kama magari mengine, na kamwe hapiti upande wa kulia ili ayatazame magari yanayokuja. Ajiweke hatua moja kutoka ukingo wa lami. Akibana sana pembeni, huangukia mchanga au mfereji, na madereva hushawishika kumpita pasipo nafasi. Daladala inayokaribia kituo isipitwe kwa upande wa kushoto, maana hapo ndipo abiria hushukia.

Tegeta inahitaji uangalifu wa pekee, kwani malori ya saruji kutoka Wazo huingia barabarani eneo hilo. Upepo wa lori humsukuma mpanda baiskeli kwanza, kisha humvuta; mikono ishike usukani imara bila kukakamaa. Baada ya Bunju na Mto Mpiji, unaopakana na Mkoa wa Pwani, njia hupungua shughuli kupitia Mapinga na Kerege, lakini magari huongeza kasi. Wanaosafiri pamoja waende kwa mstari mmoja, mwenye uzoefu mbele na mwingine nyuma kabisa. Watu watatu hadi watano wanatosha.

Likitokea jambo

Kabla ya kuondoka, mtu mmoja nyumbani aachiwe jina la njia, majina ya wasafiri na saa ya kufika. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Majeruhi apelekwe kwanza hospitali iliyo karibu, iwe Amana, Mwananyamala au Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo; fomu ya polisi ya PF3 ishughulikiwe na mwenzake. Ndiyo maana si vizuri kusafiri peke yako.

Njia huanzia mtaani

Shimo au mfuniko wa mfereji uliopotea katika mitaa ya kata huripotiwa ofisi ya Serikali ya Mtaa au kwa Afisa Mtendaji wa Kata, ili taarifa ifike TARURA, wanaosimamia barabara za mijini. Barabara kuu, ikiwamo ya Bagamoyo, ziko chini ya TANROADS.

Liko pia lililo mikononi mwa wakazi wenyewe. Meza ya bidhaa, mkokoteni au pikipiki inapoegeshwa juu ya njia ya baiskeli, anayepita hana budi kuingia kwenye magari. Aghalabu anayelazimika hivyo si msafiri wa Bagamoyo, bali ni kijana anayepeleka mkate dukani, mchukuzi wa sokoni au mwanafunzi. Njia ikiachwa wazi kutoka Msimbazi hadi Fire, hao wataitumia kila siku, na msafiri wa Jumamosi atapita humo humo.