Jicho Nalo Lina Haki Yake

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, Mtume (S.A.W) alimfunza sahaba Abdullah bin Amr bin al-As (R.A) kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe, na jicho nalo lina haki yake. Sahaba huyo alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha katika ibada. Ikiwa aliyekesha kwa swala alikumbushwa haki ya jicho, itakuwaje kwa anayekesha mbele ya kioo cha simu?

Wataalamu wametengeneza programu zinazobadili rangi ya kioo jua linapotua. Programu ya f.lux ilitolewa mwaka 2009, na mwaka 2016 kampuni ya Apple ikaweka Night Shift katika simu zake. Kazi yake ni kupunguza mwanga wa buluu, kioo kielekee manjano mithili ya mwanga wa kandili. Ndani ya jicho mna chembe hai zinazouhisi zaidi mwanga wa buluu na kuuarifu ubongo kwamba bado ni mchana. Hapo hucheleweshwa homoni ya melatonini, ambayo huuandaa mwili kwa usingizi.

Kutumia programu hizi ni katika kuchukua sababu, wala hakuna ubaya. Lakini tusizibebeshe zisiyoyaweza. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, waliwachunguza vijana waliotumia simu kabla ya kulala, na kwa jumla hawakuona kuwa rangi hiyo iliboresha usingizi wao. Uchovu wa macho nao hutokana zaidi na kukodoa: tukikazia kioo hupepesa kope mara chache, macho yakakauka. Madaktari hushauri kila baada ya dakika 20 tutazame kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi, kwa sekunde 20.

Nasi hatujitoi katika lawama hii. Usiku mmoja tulikuwa tukiandaa darsa kwenye simu, kioo kimegeuka manjano, tukajiona tumo salama. Tulipoinua kichwa, saa nane ya usiku ilikwishapita. Adhana ya Alfajiri hatukuisikia; tuliamshwa na jua. Mwanetu mdogo akauliza: "Baba, leo hukwenda msikitini?" Tukainamisha kichwa.

Imepokewa kutoka kwa Abu Barza al-Aslami (R.A) kwamba Mtume (S.A.W) alichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Wanazuoni wamelitoa katika karaha hiyo jambo la kheri, kama kusoma ilimu au kumkirimu mgeni. Hata hivyo, wameeleza kuwa miongoni mwa hekima zake ni kuchelea kupitwa na Alfajiri. Basi kheri ya sunna inayotupotezea faradhi haijawa kheri.

Enyi wazazi, wekeni programu hiyo mkipenda, lakini msiifanye ruhusa ya kukesha. Baada ya Isha, simu za nyumba nzima zilazwe sebuleni, na ya baba na ya mama zitangulie, kwani mtoto huiga atendalo mzazi kabla ya kutii asemalo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie tulale kwa utiifu na tuamke kwa utiifu. Amin.