Binti Anayeondoka na Chai Tupu

Akina mama wengi wa pwani wanaijua asubuhi hii: mahamri na mbaazi viko mezani, binti keshavaa sare na mtandio, anapiga mafunda mawili ya chai na kutoka. Ukimuuliza, hana njaa; ukimdadisi, utatambua anaogopa kunenepa.

Katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2017, wasichana 40 wa miaka 11 hadi 15 walipata staftahi kwa siku saba, na kwa siku saba nyingine wakaiacha. Walipoiacha, walikula zaidi baadaye, ila si kiasi cha kufidia chote walichokosa. Mwendo na michezo yao haikutofautiana. Basi tusimtishe binti kwamba atanenepa kwa kuiacha, wala tusimwahidi nguvu za ajabu akila.

Hoja nzito ni kile anachokosa. Msichana aliyevunja ungo hupoteza madini ya chuma kila mwezi. Kati ya miaka 14 na 18 huhitaji miligramu 15 kwa siku, ilhali mvulana wa rika lake hutoshelezwa na 11. Mbaazi zina madini hayo, lakini chai huyazuia yasifyonzwe vyema. Heri mbaazi zifuatwe na chungwa, chai ije baadaye. (Saumu ni jambo jingine: ina nia, daku na futari.)

Asiyeweza kula mapema afungiwe yai na ndizi, ale wakati wa mapumziko, kabla njaa haijampeleka kwenye viazi karai vya langoni.