Aliyemlea mtoto asikilizwe anapolalamika

Mtoto akichukuliwa na ustawi wa jamii, bibi yake huwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika ofisini. Anajua dawa ya pumu hunyweshwa saa ngapi, anajua mjukuu wake halali taa ikizimwa, anajua nani shuleni anamtisha. Kabla hajayasema hayo anaulizwa: wewe ni nani kwa mtoto? Akijibu kwamba ni bibi, anaweza kuambiwa anatakiwa mzazi, au aje na amri ya mahakama.

Uingereza wameandika kwa kina utaratibu wa kuwalalamikia ustawi wa jamii, na ndiko kasoro yake inakoonekana wazi. Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 inawataja wanaoweza kuilalamikia halmashauri: mtoto mwenyewe, mzazi, mwenye mamlaka ya mzazi, na mlezi aliyekabidhiwa mtoto na halmashauri. Babu na bibi hawatajwi. Wao huingia kwa mlango wa mwisho, ule wa mtu mwingine ambaye halmashauri inaona ana maslahi ya kutosha katika ustawi wa mtoto. Maana yake anayelalamikiwa ndiye anayeamua kama mlalamikaji anastahili kulalamika.

Akikubaliwa, anapata njia yenye hatua na tarehe. Jibu la kwanza hutarajiwa ndani ya siku 10 za kazi. Asiporidhika unafanyika uchunguzi, na mtu asiye mwajiriwa wa halmashauri anaufuatilia. Baada ya hapo kuna jopo la mapitio, kisha ofisi huru ya kitaifa inayochunguza malalamiko dhidi ya serikali za mitaa. Akikataliwa, inambidi kwanza apiganie kusikilizwa, na wakati huo mtoto anazidi kukua mbali naye.

Gharama ya kuchelewa imeonekana Italia. Tarehe 20 Januari 2015, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg iliamua kwamba nchi hiyo ilivunja haki ya maisha ya familia ya babu na bibi ambao hawakumwona mjukuu wao kwa takriban miaka 12. Mahakama ya watoto ilikuwa imeruhusu wakutane naye kwa usimamizi wa ustawi wa jamii, lakini mikutano haikufanyika. Walishinda, ila utoto wa mjukuu wao ulikuwa umepita.

Maofisa nao wana hoja ya kusikilizwa. Kuna bibi anayemkingia kifua mwanawe aliyemdhuru mtoto, na kuna siri za mtoto zisizopaswa kumfikia kila ndugu. Lakini kusikilizwa ni jambo moja na kukabidhiwa mtoto ni jambo jingine. Ofisi inaweza kupokea malalamiko, kuyachunguza na kuyajibu bila kufungua faili la mtoto wala kumrudisha kwenye hatari.

Kwetu Tanzania msingi upo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu ndugu anayemlea mtoto kuiomba mahakama impe malezi yake. Inamtaka pia mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Ikiwa jirani ana wajibu wa kusema mtoto anapoteswa nyumbani, bibi aliyemlea atakosaje nafasi ya kusema mtoto anapokosewa na ofisi?

Ninachodai ni kwamba mtu aliyekuwa akimlea mtoto kabla hajachukuliwa ahesabiwe mlalamikaji halali, awe na hati au asiwe nayo. Akikataliwa, apewe sababu kwa maandishi. Na uamuzi wa kumkataa upitiwe na mtu mwingine, asiwe ofisa yule yule anayelalamikiwa.

Wakati tukilisubiri hilo, bibi asiondoke ofisini na maneno matupu. Aandike barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, aeleze mtoto aliishi kwake tangu lini na nini kimekosewa, na nakala yake igongwe muhuri wa mapokezi. Asipojibiwa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora imepewa na Katiba kazi ya kuchunguza matumizi mabaya ya madaraka. Barua yenye muhuri na tarehe ndiyo itakayomsimamia huko.