Homa, Sukari na Kumeza: Tiba ya Kiharusi Tunayoimudu

Mtafiti wa kiharusi hamuulizi mgonjwa kama amepona. Siku ya 90 tangu augue humuuliza yeye, au anayemuuguza, mambo ya nyumbani kabisa: anakwenda chooni mwenyewe? Anatembea bila kushikwa? Shughuli zake za zamani amezirudia zote, au zipo alizoziacha? Majibu hugeuzwa kuwa namba moja kati ya 0 na 6, kwa kipimo alichokitoa daktari wa Glasgow, John Rankin, mwaka 1957, ambacho wenzake walikirekebisha baadaye. Sifuri ni mtu asiyebakiwa na dalili yoyote. Mbili bado ana udhaifu, lakini anajiendeshea mambo yake. Nne hatembei bila msaada. Tano ni wa kitandani, wa kugeuzwa, kulishwa na kusafishwa. Sita amefariki.

Ndugu wa mgonjwa wakitufuata wodini huuliza: "Daktari, si kuna sindano yake?" Swali ni la haki. Lakini ukiyapima majaribio makubwa ya miaka 30 iliyopita kwa namba hiyo ya siku ya 90, utaona kwamba baadhi ya ushindi mkubwa umepatikana kwa kipimajoto, kwa tone la damu la kupima sukari na kwa kijiko cha maji. Vitu hivyo vimo katika hospitali zetu za wilaya. Mara nyingi kinachokosekana ni utaratibu.

Sindano yenyewe ipo, na inafanya kazi. Viharusi vingi hutokana na donge la damu kuziba mshipa unaolisha ubongo. Kwa makadirio yaliyochapishwa na daktari wa Marekani Jeffrey Saver mwaka 2006, mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Mwaka 1995 jaribio la Marekani linalojulikana kama NINDS liliwapa wagonjwa dawa ya kuyeyusha donge, alteplase, ndani ya saa tatu tangu dalili zianze. Walishiriki wagonjwa 624, na nani apate dawa na nani apate dripu isiyo na dawa iliamuliwa kwa bahati nasibu, ili daktari asije akawachagulia dawa wale aliodhani watapona tu. Katika sehemu ya pili ya jaribio hilo, asilimia 39 ya waliopata dawa walifika miezi mitatu wakiwa na 0 au 1. Kwa wasioipata ilikuwa asilimia 26. Gharama yake pia ilionekana: damu ilivuja ubongoni na kumdhuru mgonjwa kwa asilimia 6.4 ya waliopata dawa, dhidi ya asilimia 0.6 ya wenzao, ingawa vifo kwa jumla havikuongezeka. Mwaka 2008 jaribio la Ulaya, ECASS III, lilionyesha kuwa faida, japo ndogo zaidi, inafika hadi saa nne na nusu.

Kisha ukaja mwaka 2015. Madaktari wa Uholanzi, katika jaribio la MR CLEAN lenye wagonjwa 500, waliingiza mpira mwembamba kupitia mshipa wa pajani hadi kwenye ubongo na kulivuta donge. Waliofika siku ya 90 wakijitegemea walikuwa asilimia 32.6, dhidi ya 19.1 waliopata matibabu ya kawaida peke yake. Majaribio mengine manne yaliyotoka mwaka huohuo yalikubaliana nalo. Baadaye jaribio la DAWN lilithibitisha kuwa kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa picha za kina za ubongo, donge linaweza kuvutwa kwa faida hata baada ya saa 6 hadi 24. Kwa taaluma iliyozoea kusimama kando ya kitanda bila la kufanya, hayo yalikuwa mapinduzi, na sitaki msomaji aone nayapuuza.

Ila tiba hizo zina masharti. Lazima picha ya CT itangulie, kwa sababu kiharusi cha kuziba na kiharusi cha kuvuja damu hufanana kwa macho, na dawa ya kuyeyusha donge inaweza kumuua haraka mwenye kuvuja damu. Lazima dalili ziwe zimeanza muda mfupi uliopita, na mtu awepo wa kusema zilianza saa ngapi. Mgonjwa wa Ngara aliyeamka asubuhi mkono umelegea, akatafutiwa gari hadi Bukoba, saa zake zimeishia njiani. Kwa huyu, na kwa wengi wa wanaofika kwetu, swali la maana ni moja: akishalazwa, afanyiwe nini ili siku ya 90 awe na 2 na siyo 5?

Na wagonjwa wa namna hiyo ni wengi. Mradi wa utafiti wa kiharusi Tanzania, ulioongozwa na Profesa Richard Walker na kuchapishwa mwaka 2010, ulihesabu wagonjwa wapya katika sehemu mbili, Hai mkoani Kilimanjaro na Dar es Salaam. Hesabu zilipolinganishwa kwa kuzingatia umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 315.9. Ufuatiliaji wa wagonjwa wa Hai ulionyesha kwamba karibu 6 kati ya 10 walikuwa wamefariki ndani ya miaka mitatu. Utafiti wa Gerry Mshana na wenzake katika sehemu hizohizo, uliotoka mwaka 2008, ulileta jambo ambalo wengi hawalitarajii: wakazi wa jijini ndio waliokuwa wepesi zaidi kuhusisha kiharusi na mapepo na uchawi, wakati watu wa Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Basi tusiwasingizie watu wa vijijini kila mgonjwa anapochelewa.

Jibu la swali la wodini lilianza kukusanywa zamani. Mapitio ya majaribio 29 yenye wagonjwa 5,902, yaliyotolewa mwaka 2020 na mtandao wa Cochrane, yalilinganisha kuuguzwa katika wodi ya kawaida na kuuguzwa katika kitengo cha kiharusi, yaani mahali ambapo madaktari, wauguzi, wataalamu wa mazoezi ya viungo na wa kumeza na kusema wanafanya kazi kama timu moja na kukutana kuwajadili wagonjwa wao. Katika kila wagonjwa 100 wanaouguzwa humo, wawili zaidi hunusurika na sita zaidi hurudi kuishi nyumbani wakijitegemea. Faida haikuchagua mzee au kijana, mwanamume au mwanamke, mwenye donge au mwenye kuvuja damu. Alteplase humfaa mgonjwa aliyewahi, wa aina moja. Timu humfaa kila aliyelazwa.

Timu hiyo inafanya nini hasa? Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika fani hii lilijibu sehemu ya swali hilo. Profesa Sandy Middleton, muuguzi wa Australia, na wenzake walichukua vitengo 19 vya kiharusi vya jimbo la New South Wales. Kwa bahati nasibu, baadhi vilipewa utaratibu wa kufuata kwa saa 72 za mwanzo, na vingine vikabaki na mwongozo wa kawaida tu. Walipiga kura kwa hospitali badala ya mgonjwa mmoja mmoja, kwa kuwa muuguzi aliyekwisha kufundishwa hawezi kujisahaulisha akifika kitanda cha pili. Utaratibu ulihusu mambo matatu. Pima joto la mwili mara kwa mara, na likifika 37.5 toa paracetamol. Pima sukari, na ikipanda itibu hata kama mgonjwa hana historia ya kisukari. Na mgonjwa asipewe chakula, maji wala kidonge mdomoni kabla hajapimwa kumeza. Siku ya 90, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 42 katika vitengo vilivyofuata utaratibu, dhidi ya asilimia 58 katika vingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Tofauti ya asilimia 16 bila dawa yoyote mpya! Ni kweli kwamba vitengo hivyo tayari vilikuwa na wataalamu ambao wengi wetu hatunao, kwa hiyo siwezi kuahidi kwamba wodi yetu itapata asilimia hizohizo. Lakini sababu ya kufanya kazi kwa utaratibu huo haikai Australia peke yake. Homa huongeza njaa ya oksijeni katika sehemu ya ubongo inayopigania uhai pembezoni mwa jeraha, sukari nyingi huzidisha uharibifu, na kumeza vibaya hupeleka chakula mapafuni.

Hapo kwenye kumeza ndipo tunapopoteza wagonjwa wetu. Katika wodi zetu ndugu ndio wanaolisha. Mama amesafiri na chupa ya uji wa ulezi, mwanawe amelala chali, mdomo umevutwa upande mmoja, na kijiko kinaingia upande uliolegea, kwa upendo wote. Misuli ya koo nayo imepooza kama mkono wake. Uji unateleza kwenye njia ya hewa, mgonjwa anakohoa kidogo au hakohoi kabisa, na siku chache baadaye ana homa ya mapafu. Cheti cha kifo kitaandika kiharusi, lakini kilichomuua kilipitia kwenye kijiko.

Kumpima kunahitaji dakika chache. Mgonjwa lazima awe macho. Anakalishwa wima, kidevu kisiinuke. Mdomo unasafishwa kwanza. Muuguzi anaweka vidole viwili juu ya koromeo, anampa kijiko kidogo cha maji, na anasikiliza kwa vidole kama koromeo linapanda anapomeza. Anasubiri. Kisha anamwambia aseme "aaa". Sauti ikitoka na majimaji, kana kwamba kuna povu kooni, au akikohoa, au maji yakivuja pembeni mwa mdomo, hapewi kitu: anawekewa mpira wa puani wa kulishia, na kipimo kinarudiwa baadaye. Akivuka vijiko kadhaa, anajaribiwa kwa kikombe. Wapo ambao maji huingia mapafuni bila hata kikohozi, hivyo kipimo hiki hakinasi wote, lakini kinanasa wengi ambao leo tunawapita.

Mwaka 2023 hoja hii ilipata nguvu kutoka nchi zinazofanana na zetu. Jaribio la INTERACT3 liliwahusu wagonjwa 7,036 wenye kiharusi cha kuvuja damu katika hospitali 121 za nchi 10, tisa kati yake za kipato cha chini na cha kati, Nigeria ikiwamo. Presha ya juu ilishushwa hadi chini ya 140 ndani ya saa moja, sukari na homa vikadhibitiwa, na waliokuwa wakitumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, wakapewa dawa ya kuizima. Uwezekano wa matokeo mabaya ulipungua kwa takriban asilimia 14, na vifo vilikuwa vichache zaidi. Aina hii ya kiharusi ilizoeleka kuitwa isiyo na tiba. Zingatia tu kwamba presha hiyo ilishushwa hospitalini, na kwa waliothibitika kuvuja damu. Mwenye donge anaweza kuumizwa na presha kushushwa ghafla, kwa hiyo vidonge vya presha vya jirani visimwingie mdomoni akiwa nyumbani. Aspirini nayo ni hivyohivyo. Majaribio mawili ya mwaka 1997, yenye wagonjwa karibu 40,000 kwa pamoja, yalionyesha kuwa ikitolewa mapema baada ya kiharusi cha donge huokoa takriban watu 9 katika kila 1,000 wasife au wasipigwe tena ndani ya wiki za mwanzo. Ni dawa ya bei ndogo mno, ila isubiri picha na isubiri kipimo cha kumeza.

Utafiti umetukosoa pia. Tuliamini kuwa mgonjwa akiinuliwa mapema na kwa wingi atapona zaidi. Jaribio la AVERT, lenye wagonjwa 2,104 katika nchi tano, lilikuta mwaka 2015 kwamba waliosimamishwa mapema sana na kufanyishwa mazoezi mengi ndani ya saa 24 walifika siku ya 90 wakiwa na matokeo mazuri kwa asilimia 46, dhidi ya 50 ya wenzao walioendeshwa taratibu. Haina maana wabaki wamelala. Uchambuzi wa baadaye wa takwimu zilezile ulielekea upande wa vipindi vifupi vinavyorudiwa mara nyingi. Na jaribio la ATTEND nchini India, mwaka 2017, liliwafundisha ndugu kuwafanyisha wagonjwa mazoezi nyumbani, wagonjwa 1,250 kwa jumla. Baada ya miezi sita, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47 kila upande. Matokeo haya yananiuma kwa sababu hapa kwetu tunategemea familia kwa kila kitu. Familia inabeba, inaosha, inalipa, inakesha. Lakini kuwatwika ndugu kazi ya mtaalamu wa mazoezi kwa mafunzo mafupi hakujathibitika kumfaa mgonjwa, na serikali isiugeuze upendo wa familia kuwa kisingizio cha kutoajiri wataalamu hao.

Kwa hiyo ninyi wasimamizi wa hospitali, wakati mnasubiri bajeti ya alteplase, tengeni vitanda vinne tu kona moja ya wodi ya ndani kwa wagonjwa wa kiharusi, wapeni wauguzi walewale wa kudumu, na bandikeni ukutani karatasi ya joto, sukari na kumeza kwa saa 72. Nawe unayeuguza, ukimwona mtu mdomo umekwenda upande, mkono umelegea au maneno yanakwama, tazama saa na uikumbuke, kisha mpeleke hospitali mara moja bila kumpa chochote cha kumeza. Akishalazwa, kabla hujafungua chupa ya uji, muulize muuguzi: "Ameshapimwa kumeza?"