Moyo Haungoji Chombo

Moyo ni nyama isiyojua likizo. Mshipa unaoulisha ukizibwa na damu iliyoganda, nyama hiyo huanza kufa baada ya dakika 20 hivi; na damu irudipo kwa ghafula, nayo huzidisha jeraha.

Mwaka 1986, Charles Murry, Robert Jennings na Keith Reimer wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliuziba mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 5 na kuufungua kwa dakika 5, mara 4. Kisha wakauziba kwa dakika 40. Sehemu iliyokufa ilikuwa robo tu ya ile ya mbwa wasiotayarishwa. Moyo uliokwisha kuonja dhiki ulistahimili.

Matumaini yakawa makubwa. Wagonjwa wakakazwa na kulegezwa mkono kwa mkanda wa kupimia shinikizo la damu, ili moyo upate kinga hiyo. Lakini utafiti uliotangazwa mwaka 2019, wa wagonjwa zaidi ya 5,000 wa Uingereza, Denmark, Hispania na Serbia, haukuona nafuu.

Basi kinga hiyo tusiingoje. Lililothibitika ni kuufungua mshipa mapema. Ndugu wananchi, maumivu ya kifua yasilazwe hadi asubuhi. Nanyi ndugu viongozi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda iwepo kisiwani, na chombo cha kuvushia wagonjwa kiwe na mafuta na nahodha usiku kucha. Hivyo navyo ni tiba ya moyo.