JE, MTOTO WAKO AJUA KILICHO HAI?

Askari aliyefunzwa vyema hamdharau adui asiyeonekana. Hata hivyo wengi wetu, tuvuapo sare na kurejea majumbani, huwaacha watoto wetu mikono mitupu mbele ya maadui wa namna hiyo: vimelea vya malaria na vijidudu vya kipindupindu. Wakazi wa Bujumbura hawana haja ya kukumbushwa. Mwezi wa Machi 2017 Serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria. Tarehe 1 Januari 2023 ikatangaza kipindupindu.

Katika mitaa yenye watu wengi kama Mutakura, kaskazini ya jiji, mtoto huambiwa kila siku anawe mikono. Lakini je, anafahamu kwamba ndani ya maji yaonekanayo safi mwaweza kuwamo viumbe vinavyoishi na kuzaana? Amri isiyoeleweka hutiiwa maadamu mkubwa yupo, akigeuka, imekwisha.

KINACHOKWENDA NA KILICHOSIMAMA

Mtaalamu wa Uswisi, Jean Piaget, alichapisha mwaka 1926 kitabu juu ya fikra za watoto kuhusu ulimwengu. Alibaini kwamba watoto wadogo huhesabu kuwa hai vitu vingi vinavyotenda kazi au kujongea: jua, mawingu, hata baiskeli. Mtoto wa Mutakura naye aweza kusema kwamba Mto Rusizi una uhai kwa kuwa unakwenda, na mwembe hauna kwa kuwa umesimama. Huyo si mpumbavu. Anatumia ushahidi alio nao. Tena lugha nayo yaweza kumchanganya: sisi wenyewe husema gari limekufa, na katika Kiswahili mbwa na nzi hufuata upatanisho mmoja na binadamu, hali mti umepangwa pamoja na mto na mlima.

NAMNA YA KUMPIMA

Basi kabla ya kumfundisha, tumpime. Ndugu zetu wa polisi wajua kwamba swali lililobeba jibu lake halitoi ushahidi. Ukimwuliza, "Mti ni kiumbe hai, sivyo?" ataitikia tu. Afadhali tumwonyeshe kuku, jiwe, mgomba, punje ya haragwe na redio inayolia, atenge vilivyo hai, kisha tumwulize: "Umejuaje?" Sababu atakayoitoa ina uzito kuliko jibu lenyewe. Aliyekariri kwamba viumbe hai hula, hukua na kuzaa, kisha akaiweka punje ya haragwe pamoja na jiwe, bado hajaelewa. Wala asikaripiwe. Mtoto si mtuhumiwa, na kosa lake latuonyesha mahali pa kuanzia.

Baada ya hapo aone kwa macho yake. Haragwe moja liwekwe katika pamba yenye maji, jingine katika pamba kavu. Baada ya siku chache atatambua kwamba mbegu ilikuwa imelala tu. Maji ya dimbwi yenye viluwiluwi vya mbu yatiwe katika chupa na mdomo wake ufungwe kwa kitambaa. Atakapoona mbu wametokea, atajua kwa nini dimbwi hufukiwa. Mzazi ahakikishe mbu hao wameuawa kabla ya chupa kufunguliwa.

Huko Japani, uchunguzi wa Kayoko Inagaki uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba watoto wa miaka mitano waliofuga samaki wadogo nyumbani waliweza kukisia vizuri zaidi hata habari za chura, kuliko wenzao wasiofuga. Kumtunza kiumbe kulikuwa kumewafunza. Kwetu, kuku mmoja uani hutosha kuanzia, iwapo mtoto ndiye anayempa maji na kuyahesabu mayai yake.

Kazi hii isiachiwe mwalimu peke yake, mwenye darasa lililojaa. Inatupasa sisi wazazi wenye sare kuitenga jioni moja ya mapumziko, tukae na watoto wetu, tuulize, na tusikilize mpaka mwisho.